Bi Hakika na Vifaranga wa Muheza

Ndugu msomaji, kama na wewe umeoa kwenye ukoo wa wafuga kuku, sogea hapa kwenye benchi tuhurumiane. Kama hujaoa bado, soma taratibu, na kabla hujapeleka posa ulizia kwanza kama upande wa pili wana banda.

Mimi sina ugomvi na kuku. Kuku nawala, tena firigisi ni yangu kwa mila na desturi. Kinachonikondesha ni swali lililoingia nyumbani kwetu Tanga mwezi wa Mfunguo Mosi na kukataa kutoka: hawa vifaranga, nani jogoo, nani mtetea?

Ungedhani ni swali la kungojea. Kuku hukua, siku zikifika atawika au atataga, basi. Lakini nyumba yangu haijui kungoja. Mama Mwanaidi, mke wangu, alikuwa ameshampa ahadi yule kijana wa chipsi mayai pale kona kwamba atampelekea trei za mayai ya kienyeji. Ahadi ilitoka kabla ya mayai, na kabla ya kuku wa kuyataga. Ndivyo anavyopanga mambo yake. Alinunua pazia za sebuleni kabla hatujapata nyumba yenye sebule, na nyumba ikabidi itafutwe inayolingana na pazia.

Vifaranga wenyewe wana nasaba. Mama yake mke wangu anaishi Muheza, na mimi kwa siri namwita Bi Hakika, kwa sababu katika maisha yangu yote ya ukwe sijawahi kusikia neno "labda" likitoka kinywani mwake. (Ukikutana naye, mwamkie shikamoo, na jina hilo hujalisikia kwangu.) Alishuka kwenye basi na kapu la mayai yaliyofukiwa kwenye pumba, akalishikilia mapajani safari nzima, na alipofika hakukubali hata maji ya kunywa mpaka mayai yakabidhiwe. Yote ya kuku wake wa kuchi. Yote aliyachagua mwenyewe, moja moja, kwa umbo.

"Haya yote mitetea," akasema. "Yai la duara mtetea, yai lenye ncha jogoo. Lenye ncha sikuleta hata moja."

Sasa mimi nina ugonjwa wa kusoma, na binti yetu Mwanaidi ameurithi. Huyo namwita Karani, kwa kuwa kila jambo la nyumba hii analiandika kwenye daftari la mistari, mpaka nani alikula ndizi ya nani. Karani ndiye aliyegundua kwamba Aristotle, yule mwanafalsafa wa Wayunani, aliandika habari hiyohiyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ila kwa kuigeuza: yeye alisema yai refu lenye ncha ndilo la mtetea, na la duara ni la jogoo. Nikampelekea Bi Hakika habari hizo kwa adabu zote, nimekaa chini kwenye mkeka.

"Huyo bwana," akaniuliza, "alikuwa akifuga kuku wangapi?"

Nikasema sijui, mama.

"Basi."

Ukweli ni kwamba umbo la yai hutokana na njia ya uzazi ya kuku aliyelitaga. Kila mtetea ana umbo lake la mayai, na katika umbo hilohilo hutoka majogoo na mitetea. Nikaongeza na jingine nililolisoma, kwamba kwa binadamu mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto atakuwa wa kike au wa kiume, lakini kwa kuku mambo yako upande wa mama: jogoo ana kromosomu mbili za aina moja, Z na Z, mtetea ana Z na W, kwa hiyo yai ndilo lenye kuamua. Hapo Bi Hakika akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili kidogo. "Kuku wana utaratibu," akasema. "Mwenye kubeba ndiye mwenye kauli."

Kuku wetu mweusi akayaatamia siku 21 kama ilivyo kawaida, akatotoa, na uani kukajaa kelele. Ndipo kila mtu wa nyumba hii alipojipa shahada.

Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye namwita Mjasiriamali, naye jina hilo analipenda, hajui kama ni kejeli. Alifuga kware mwaka ule ambao nusu ya Afrika Mashariki ilifuga kware, akabaki nao baada ya wanunuzi wote kupotea. Kutoka kware akaenda sungura, kutoka sungura akaenda matikiti, kutoka matikiti akaja kukaa chumba chetu cha wageni. Mjasiriamali alisema jambo hili duniani kote linajulikana: rusha kofia juu ya vifaranga. Watakaosimama wima, shingo juu, wakitazama, hao madume. Watakaochuchumaa au kukimbilia mama yao, hao majike.

Kofia gani? Ndugu msomaji, nyumba ina kofia chungu nzima. Ipo ya plastiki ya kampeni, ipo ya ukindu ya shambani. Akaenda kuchukua kofia yangu ya kiua, ile ya Idi, iliyoshonwa tundu kwa tundu kwa mkono na fundi ambaye nilimsubiri mpaka nikakaribia kumsahau. Alisema kofia nyepesi huelea vizuri.

Ilielea vizuri. Vifaranga wakaiona kama mwewe, mama yao akapiga ukelele, wote wakajibanza chini ya mbawa zake. Kwa kipimo hicho, wote majike. Bi Hakika akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mjasiriamali akasema haihesabiki, mama yao ameharibu mtihani. Akamtoa mama, akarusha tena. Sasa wote wakasimama wakilia wakimtafuta mama yao: wote madume. Akarusha tena na tena, na kila mara waliosimama hawakuwa walewale, kwa sababu kifaranga mwenye njaa, aliyeshiba, mwenye baridi na aliyezoea kofia, kila mmoja ana jibu lake. Karani akawa anaandika. Mruko wa mwisho kofia ikatua kwenye chombo cha maji, ikachovya pale palipochanganyika maji, pumba na vile vitu vingine. Mama Mwanaidi akasema itatakata. Haikutakata. Maulidi ya mwaka huu nitavaa ya ukindu.

Isitoshe, nasaba yenyewe haikusaidia. Kama wewe ni mtu wa pwani, kuchi unamjua: mrefu wa miguu, shingo ndefu, kifua mbele, anasimama wima wima. Ndiye kuku wa kupiganishwa tangu zamani. Mtetea wa kuchi naye husimama hivyo hivyo. Kumwambia mtu achague dume kwa kuangalia aliyesimama wima, na wote ni kuchi, ni kumpotezea wakati na kumpotezea baba mwenye nyumba kofia.

Baada ya hapo Karani akataka utaratibu. Akachukua rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu, akampaka kidole kila aliyeshukiwa kuwa jogoo. Ilikuwa fikra nzuri, na ingefaa kama nyumba hii isingekuwa na Bwana Shauri. Huyo ni kitinda mimba wetu, anatembea uani mikono nyuma akikagua mambo kama wale wakuu wa wilaya wa Kiingereza enzi zile, haongei sana, anatekeleza. Alikuta vifaranga wengine hawana rangi akaona wameonewa. Akapaka wote. Kisha akampaka paka. Rangi iliyobaki akaimalizia kwenye mlango wa jikoni, ipo hadi leo.

Mke wangu alikaa kimya muda wote huo. Nikadhani yuko upande wangu. Siku moja jioni, nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa, akaja kukaa karibu yangu, akawatazama vifaranga wakigombania chenga za mahindi.

"Dume huonekana tu, Baba Mwanaidi," akasema. "Si lazima kofia. Tazama yule. Chakula kikimwagwa, wa kwanza kufika. Kikiisha, wa kwanza kusinzia. Mama yake akiita, hasikii. Mwewe akipita, badala ya kukimbia anasimama katikati ya uwanja kutazama kuna nini."

Nikamwuliza elimu hiyo ameipata chuo gani.

"Chuo gani tena? Mbona nafuga miaka mingi."

Karani, ambaye hapitwi na kitu, akaifungulia ukurasa. Kila kifaranga aliyewahi chenga akaandikiwa herufi BM. Mara ya kwanza nilidhani ni alama ya kuku mgonjwa. Ni Baba Mwanaidi. Kwa kuwa hakuna kifaranga asiyekimbilia chenga, ukurasa mzima ukawa BM, BM, BM, na kijana wa chipsi akiulizia trei, Mama Mwanaidi anamjibu kwamba nyumba imejaa mabaamu. Ikawa ndilo jina lao. Mpaka jirani wa ukuta wa pili akawa ananiuliza, "Mabaamu wako wamelala?"

Nilijitetea. Nikamwambia kwamba jogoo aliyekomaa ndiye hasa anayewaita wenzake kwenye chakula. Akiona punje huidokoa na kuidondosha huku akiita, mitetea waje wale, yeye anangoja. Kwa hiyo kwa tabia hiyo mimi... Akaniuliza lini. Nikarudi kwenye kahawa.

Zikapita wiki kadhaa, mapigano yakaanza. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, na nyumba yetu haikutaka kupitwa. Vifaranga wanasimamiana kifua kwa kifua, wanarukiana, wanatazamana jicho kwa jicho kama kwenye mizani ya ndondi. Mjasiriamali akatangaza: madume hao. Mmoja wao, mwekundu, mfupi, mwenye hasira za bure, akawashinda wote akaitwa Bondia. Mwingine, mweupe, mpole, anayekula wenzake wakimaliza, akaitwa Bibi Harusi, na Mama Mwanaidi akaanza kumhesabia mayai.

Mapigano yale ni ya vyeo. Msomi mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliyeeleza mwaka 1921 kwamba kuku huwekana kwa daraja: wa juu anamdonoa wa pili, wa pili anamdonoa wa tatu, mpaka yule wa mwisho asiye na wa kumdonoa. Na kuku aliowatazama miaka mingi walikuwa mitetea! Majike hugombania ngazi kama madume. Nikalieleza hilo mezani. Mama Mwanaidi akampa Mjasiriamali paja, Mjasiriamali akanipa mimi shingo, na mimi nikamtazama Bwana Shauri, ambaye alinitazama vilevile mpaka nikainamisha macho.

Hatimaye nikamwita bwana mifugo wa kata, mtu mpole, kwa bei ya pilau na soda. Kwanza alitusaidia la maana, akawatia vifaranga chanjo ya kideri, ile ya I-2, tone moja jichoni, na kwa hiyo namshukuru, maana mtaa wa jirani kideri kilifagia banda zima. Kisha akakaa kutufundisha, na nyumba nzima ikakaa kimya, jambo ambalo halijatokea tangu tuhamie.

Akasema wapo wenye uwezo wa kujua. Wajapani, kina Masui na Hashimoto, miaka ya 1920 walibuni njia ya kumfunua kifaranga wa siku moja sehemu ya haja na kutazama kijivimbe kidogo mno ndani yake. Mtaalamu aliyefuzu hupanga vifaranga zaidi ya elfu kwa saa na kukosea wachache. Lakini husomewa muda mrefu, tena hufanywa siku ileile ya kutotolewa. Mikono isiyojua humuumiza kifaranga, hata kumuua. (Mjasiriamali alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Akaikunjua.) Ipo njia ya mabawa pia, majike wakiwa na manyoya marefu kuliko madume siku za mwanzo, na ipo ya rangi, lakini zote mbili huwafaa kuku waliozalishwa makusudi kwa hesabu hiyo. Mtu anayekuuzia kienyeji wa mchanganyiko na kukuapia kwa bawa, anauza kiapo.

Akatueleza na kwa nini wenye viwanda wanajisumbua. Jogoo wa ukoo wa mayai hatagi na hanenepi, basi kwa miaka mingi vifaranga madume waliuawa siku ya kwanza. Ujerumani wamelipiga marufuku hilo tangu Januari 2022, sasa wanatafuta kujua jinsia kifaranga akiwa bado ndani ya yai. Bi Hakika aliposikia Wajerumani wanapeleleza ndani ya yai akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Si wangeniuliza mimi."

"Na kwa tabia, bwana mifugo?" mke wangu akauliza, huku akinitazama.

"Kwa tabia, mama, ngoja wakue. Tazama upanga kichwani. Wa jogoo hukua haraka na kuwa mwekundu mapema."

Ushauri safi, ila kuchi wana upanga mdogo, umejibana kichwani. Tukakodoa macho wiki baada ya wiki. Kisha alfajiri moja, kabla ya adhana, ukasikika uani mlio wa kukwaruza, nusu kilio nusu kikohozi. Bibi Harusi amewika.

Mtu mwingine angesema: kumbe huyu jogoo. Lakini Bi Hakika, aliyekuwa amekuja kutujulia hali, alikuwa ameshaamua tangu Muheza kwamba mayai yale yote ni ya mitetea. Kwa hiyo aliyewika ni mtetea. Na mtetea akiwika, kila mtu wa pwani anajua, ni kisirani. Alikubali nyumba ya mwanawe ipatwe na nuksi kuliko yai lake la duara litoe jogoo.

Nikajaribu elimu. Nikamwambia mtetea kuwika si jambo lisilowezekana: kuku jike hutumia ovari moja tu, ya kushoto, na ikiugua anaweza kuota upanga na kuwika, lakini hiyo ni nadra, tena kwa kuku mzima, si huyu wa juzi. Nikamwambia kule Basel, Uswisi, mwaka 1474 jogoo alishtakiwa mahakamani kwa kosa la kutaga yai, akahukumiwa akachomwa moto pamoja na yai lake. Nilitaka aone watu wanavyoweza kupotoka. Akaona wana busara.

"Unaona? Hata Wazungu walijua," akasema. "Leteni kisu."

Bibi Harusi akaliwa mchana ule na wali wa nazi. Kesho yake akawika mwingine. Kisirani cha pili. Keshokutwa wakawika wawili kwa kupokezana, na mke wangu akamwambia mama yake kwa upole kwamba mama, kisirani hiki kikiendelea tutabaki na banda. Bi Hakika akafikiri. Akasema tatizo ni maji ya Tanga, yanageuza kuku. Akarudi Muheza na msimamo wake, kwa basi la saa nane.

Sasa manyoya yameota na mjadala umekwisha. Ya jogoo shingoni na kiunoni ni membamba, yamechongoka, yanang'aa; ya mtetea yana ncha ya mviringo. Kumi na mmoja ndio walioponea mwewe na paka mwekundu kucha, na kati yao wanane ni majogoo, marehemu akiwemo. Nusu kwa nusu ni hesabu ya maelfu, kapu moja la mayai linaweza kwenda lipendako. Mama Mwanaidi anasema mbinu yake ndiyo iliyoshinda, na daftari la Karani linamuunga mkono. Bondia ni mtetea, na ndiye mkuu wa banda. Kijana wa chipsi analetewa trei za mayai ya dukani tunazonunua kwa bei ileile tunayomuuzia, nauli juu yangu. Majogoo wanauzwa kabla ya Maulidi, isipokuwa mmoja aliyebakizwa kwa mbegu, ambaye mke wangu kampa jina langu kamili.

Na mitetea bado hawajataga, kwa kuwa kienyeji huanza akiwa na miezi sita hadi minane. Kwa hiyo wewe mwenzangu unayetaka mayai, achana na vifaranga. Nunua tembe aliyekwisha kukua. Kabla hujalipa, mguse mgongo kwa kiganja: mtetea aliyekaribia kutaga huchuchumaa na kuachia mabawa kidogo, na kwa tabia za kuku hiyo unaweza kuiamini. Akichuchumaa, lipa umbebe. Akikugeukia na kukudonoa, mrudishie mwenyewe, hata kama amekuapia kwamba alitoka kwenye yai la duara.